Mwenzako Anaweza Kukukatalia Nini? Ulinganisho wa Uongozi wa Kikosi katika Michezo ya RPG

Mtu anayetafuta mchezo wa RPG (mchezo wa video wa kuigiza mhusika) wenye kikosi, yaani mchezo ambao shujaa hatembei peke yake bali anafuatana na wenzake wawili, watatu au hata watano, kwa kawaida huuliza juu ya hadithi, ubora wa picha na idadi ya saa zinazohitajika kuumaliza. Mara chache huuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua kama ataufikisha mwisho au atauweka kando baada ya siku tatu: wanakikosi hao wanaendeshwa na nani, na wana hiari kiasi gani mbele ya kiongozi wao? Ulinganisho huu unahusu swali hilo tu, na michezo nitakayoitaja nimeichagua kwa sababu kila mmoja unalijibu kwa namna yake.

Kipimo ninachotumia ni kukataa. Mwanakikosi anaweza kukukatalia kwa mkono, yaani vitani: unataka amponye majeruhi, yeye anakimbilia kushambulia, kwa kuwa anaendeshwa na kompyuta wala si wewe. Anaweza pia kukukatalia kwa moyo, yaani ndani ya hadithi: anaupinga uamuzi wako, anagombana na mwenzake, anaondoka kambini, au anakuchomolea upanga. Wengi huyachanganya mambo haya mawili, kisha huvunjika moyo wanapogundua kwamba mchezo waliousikia ukisifiwa kwa wahusika walio hai unawataka wao wenyewe wachague kila pigo la kila mhusika, au kwamba mchezo unaojivunia wanakikosi wanaojipigania una wahusika wasio na la kusema vita vinapokwisha. Mkono na moyo vinapimwa mbalimbali, na mnunuzi makini huvitazama vyote viwili. (Nitalazimika kufichua matukio kadhaa ya hadithi, asiyependa kufichuliwa airuke sehemu inayohusu moyo.)

Mikono yote ikiwa yako

Baldur's Gate 3, wa studio ya Larian, uliotoka kwenye kompyuta Agosti 2023, ndio mfano ulio wazi zaidi wa kiongozi anayeshika kila uzi. Kikosi ni cha watu wanne, mapigano ni ya zamu, na zamu ya kila mmoja inapofika wewe ndiye unayeamua asimame wapi, arushe nini na apande juu ya ukuta upi. Hakuna anayefanya jambo usilomwagiza. Unaweza kumwagiza mmoja amwage mafuta chini, wa pili ayawashe moto, na wa tatu amsukume adui aliyenusurika hadi ukingoni mwa genge. Mpango ukienda mrama, wa kulaumiwa ni wewe au dadu, kwa kuwa mchezo huo unaamua mengi kwa dadu. Hiyo ndiyo raha yake. Gharama yake ni muda: pigano moja dhidi ya maadui wengi linaweza kula jioni nzima, na mtu ambaye hapendi kufikiri kwa niaba ya watu wanne atachoka kabla hajafika mbali.

Nje ya vita hali inageuka kidogo. Wenzako watatu wanakufuata kama vifaranga, na katika mazungumzo aliyetangulia kumfikia mtu ndiye anayezungumza naye, jambo ambalo mgeni wa mchezo huligundua pale mpiganaji wake asiye na ulimi mtamu anapojikuta akimshawishi mlinzi mwenye hasira huku msemaji hodari wa kikosi amesimama nyuma akitazama. Kiongozi hapa si lazima awe shujaa uliyemuumba. Ni yeyote unayemtanguliza, na kumtanguliza mtu sahihi kabla ya kufungua mlango ni sehemu ya ustadi.

Mzee wake, Baldur's Gate wa BioWare wa mwaka 1998, nao unakupa mikono yote, ila saa haisimami yenyewe. Watu sita wanapigana papo kwa papo, na wewe unasimamisha mchezo kila unapotaka kutoa amri, kisha unauachia uendelee. Unaweza kumpangia kila mmoja mwenendo wa kumwongoza usipomtazama, lakini miongozo hiyo ni ya jumla, na mchawi aliyeachwa ajiamulie mwenyewe huishia kuumwaga uchawi wake wa thamani kwa maadui wa kawaida. Kuna tofauti nyingine ambayo haionekani kwenye maelezo ya dukani: katika mchezo huo wa 1998, shujaa wako akifa safari imekwisha, hata kama wenzake watano wako hai na wazima. Katika Baldur's Gate 3 aliyekufa anafufuliwa, awe shujaa au mfuasi, na mchezo unakwisha pale tu kikosi kizima kinapoanguka. Kanuni hiyo moja inabadilisha uongozi wote, kwa sababu kiongozi ambaye kifo chake ni kifo cha wote hujifunza kukaa nyuma.

Kiongozi anayeandika amri kabla ya vita

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nakiri upendeleo huo mapema. Katika Final Fantasy XII, uliotoka mwaka 2006 na kurudishwa mwaka 2017 kwa jina la The Zodiac Age, watu watatu wanapigana kwa pamoja, na kila mmoja ana orodha ya amri ziitwazo gambiti. Kila mstari wa orodha una sehemu mbili: mlengwa na kitendo. Kompyuta inausoma mstari wa juu kwanza. Ukifaa kwa hali iliyopo, inautekeleza, na usipofaa, inashuka kwenye unaofuata. Mistari inaweza kufika 12 kwa kila mtu, na unaweza kuiwasha na kuizima mmoja mmoja.

Chukua mfano wa mponyaji. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na mstari wa juu unaosema amshambulie adui anayeshambuliwa na kiongozi, na wa pili ukisema amponye mwenzake yeyote ambaye uhai wake umeshuka chini ya nusu. Ilionekana kuwa na busara. Vita vikaanza, watu wakaumia, na mponyaji akaendelea kupunga fimbo yake kama vile haoni. Ilinichukua dakika kadhaa kuelewa kwamba alikuwa ananitii kikamilifu: maadamu kulikuwa na adui wa kushambuliwa, mstari wa kwanza ulifaa kila wakati, na wa pili haukufikiwa kamwe. Nilipoipindua mistari hiyo miwili, kikosi kikabadilika papo hapo. Baadaye niliweka juu kabisa mstari wa kumwinua aliyeanguka, na chini yake mstari wa kuwarushia uponyaji maadui walio wafu, kwa kuwa katika mchezo huo uponyaji unawaumiza wafu. Kila kushindwa kulinirudisha kwenye orodha, na kila mara kosa lilikuwa katika mwandiko wangu.

Hii ndiyo sababu nauona mfumo huu kuwa uongozi wa kweli zaidi kuliko kubonyeza kila pigo. Kiongozi anatabiri hali, anaweka kipaumbele, kisha anawaachia watu wafanye kazi; na pale hali inapozidi matarajio, anaingilia kwa amri ya papo kwa papo, ambayo inatangulia mistari yote. Unaweza pia kumbadilisha kiongozi vita vikiendelea, na kuanguka kwake hakumalizi mchezo. Lipo lalamiko la haki kwamba orodha iliyoandikwa vizuri humwacha mchezaji akitazama mchezo ukijicheza. Ni kweli. Anayetaka vidole vyake vifanye kazi muda wote hataipenda, na hapaswi kujilazimisha.

Dragon Age: Origins wa mwaka 2009 unatumia wazo hilohilo kwa masharti magumu zaidi. Kila mwanakikosi ana nafasi chache za kuandikiwa sharti na kitendo, nafasi hizo huongezeka kadiri anavyopanda daraja, na ukitaka nyingi zaidi unalazimika kutumia alama za ujuzi kununua maarifa ya mbinu za kivita, alama ambazo mwanakikosi huyo angeweza kuzitumia kujifunza kutengeneza dawa. Nidhamu ya kikosi, kwa maneno mengine, ina bei ndani ya mchezo. Hapa unaweza wakati wowote kusimamisha vita, kumwingia mwanakikosi yeyote na kumwendesha mwenyewe kwa muda unaotaka, kwa hiyo orodha ni msaada tu wala si uti wa mgongo. Asiyependa kuandika amri anaweza kuacha mpangilio wa awali na kusimamisha vita mara kwa mara. Asiyependa kusimamisha anaweza kuandika.

Hapa kuna jambo la kumwonya mnunuzi. Mfululizo huohuo wa Dragon Age umehama taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine: Inquisition wa mwaka 2014 ulizipunguza sana orodha hizo, na The Veilguard wa mwaka 2024 unakupa wenzako wawili tu ambao huwezi kuwaingia kabisa, unawaambia watumie uwezo fulani, na mengine wanajifanyia. Aliyeupenda wa kwanza kwa sababu ya udhibiti asiununue wa mwisho akitarajia uleule. Kama unachotafuta ni uandishi wa amri wenye kina, Pillars of Eternity II: Deadfire wa mwaka 2018 unao uwanja mpana wa kutunga masharti kwa kikosi cha watu watano, ingawa kuuzoea kunataka subira.

Wanaojiendesha wenyewe

Michezo ambayo wanakikosi wanajipigania ina historia ya manung'uniko, na manung'uniko hayo yanafundisha. Katika toleo la awali la Dragon Quest IV, la mwaka 1990, sura ya tano inamwachia mchezaji shujaa peke yake. Wenzake wote wanaendeshwa na kompyuta kwa mwongozo wa jumla tu. Wachezaji bado wanamkumbuka kasisi wa kikosi hicho ambaye, badala ya kuponya, alipenda kurusha laana ya kifo cha ghafla hata kwa maadui wakuu wasioweza kupatwa nayo. Miaka mingi baadaye, katika Persona 3 wa mwaka 2006, historia ikajirudia: shujaa ndiye pekee aliyeamriwa moja kwa moja, wenzake walipewa mikakati ya jumla, na mmoja wao, Mitsuru, akapata sifa mbaya ya kupoteza zamu zake kwa uchawi wa kumlaghai adui wakati wenzake wakihitaji pigo. Juu ya hayo, shujaa akianguka mchezo unakwisha, kwa hiyo makosa ya wengine yanalipwa kwa kichwa chako.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba uamuzi huo ulikuwa kosa tupu. Persona 3 ni hadithi ya vijana wanaoishi nyumba moja na kujifunza kuaminiana, na kutoweza kuwaendesha kunawafanya waonekane kuwa watu. Tatizo halikuwa hiari yao bali akili yao: mtu anayekukatalia kwa sababu anaona usichokiona anavutia, na anayekukatalia kwa upumbavu anakera. Toleo la Portable la mwaka 2009 liliongeza uwezo wa kuwaamuru mmoja mmoja, na Persona 3 Reload wa mwaka 2024 unao pia, pamoja na nafasi ya kuwaachia wajiendeshe ukitaka. Kwa mnunuzi wa leo, Reload ndio wa kuanzia.

Katika Fallout wa mwaka 1997 hiari ya mkono ilikuwa na sura ya kuchekesha na ya kuua. Mfuasi wa kwanza ambaye wengi hukutana naye, Ian, akipewa bunduki ya rashasha huifyatua mfululizo bila kujali nani amesimama kati yake na adui, na mara nyingi aliyesimama hapo ni kiongozi wake. Fallout 2, uliofuata mwaka 1998, uliongeza menyu ya kumwelekeza kila mfuasi: atumie silaha gani, akae umbali gani, akimbie akiumia kiasi gani, na lini aruhusiwe kufyatua mfululizo. Si amri ya kila pigo. Ni makubaliano ya mwenendo, na yalitosha kuondoa sehemu kubwa ya kero.

Final Fantasy XIII wa mwaka 2009 unaiweka hiari hiyo ndani ya majukumu. Unamwendesha kiongozi tu, lakini kwa kitufe kimoja unabadilisha majukumu ya wote watatu kwa pamoja, kutoka kushambulia hadi kujilinda na kuponya, na kompyuta inatekeleza kila jukumu kwa ufanisi mkubwa. Ni mfumo wa kasi na umesukwa vizuri. Kasoro yake ninayoiona kubwa ni ile kanuni ya kifo: kiongozi akianguka mchezo unakwisha, hata kama wenzake wawili wamesimama karibu naye na mmoja wao anajua kufufua.

Mchezo uliofika mbali zaidi upande huu ni Dragon's Dogma wa Capcom, wa mwaka 2012. Unamuumba mfuasi mmoja wa kudumu wa aina iitwayo Pawn, na kuazima wengine wawili walioumbwa na wachezaji wengine. Amri ulizo nazo ni chache mno: nenda, njoo, nisaidie. Mengine yote wanayaamua wao, na wanayaamua kulingana na walichojifunza. Aliyewahi kupigana na jitu fulani katika ulimwengu wa mwenye naye atakuambia udhaifu wake ulipo, na atapanda mgongoni mwake bila kuambiwa. Dragon's Dogma 2 wa mwaka 2024 ukaongeza ugonjwa unaowapata wafuasi hao: aliyeambukizwa huanza kuwa mkaidi, hulalamika kichwa kinamuuma, macho yake hung'aa mekundu, na ukimpuuza mpaka ugonjwa ukomae, usiku mmoja utakapolala katika nyumba ya wageni utaamka ukute watu wa makazi hayo wameangamizwa. Wapo waliokasirika kwa kupoteza wahusika muhimu kwa namna hiyo. Mimi naona ni mojawapo ya mawazo machache ya kweli kuhusu uongozi yaliyoingizwa katika vita vya michezo hii: kumtazama mtu wako usoni kumekuwa wajibu.

Moyo

Sasa turudi Dragon Age: Origins, kwa kuwa upande wa moyo haujapata wapinzani wengi. Kila mwanakikosi ana kiwango cha kuridhika nawe, kuanzia hasi 100 hadi chanya 100, na maamuzi yako yanakisogeza juu au chini. Tukio ninalolikumbuka zaidi ni la Sten, shujaa wa Kikunari, katika kijiji cha mlimani cha Haven. Umekwenda huko kutafuta majivu matakatifu ya kumponya mtawala mgonjwa, safari ambayo kwa mantiki ya askari haina maana, kwa sababu jeshi la adui liko kwingine kabisa. Sten, kama hujapata imani yake ya kutosha, anasimama njiani, anakuuliza kwa nini mnalikimbia pigano, na anatangaza kwamba kuanzia hapo uongozi ni wake. Unaweza kumjibu kwa hoja, au mnapigana nyinyi wawili. Ukimshinda anakufuata kwa heshima kubwa kuliko mwanzo. Kinachonivutia ni kwamba ana hoja. Anakukatalia kwa kutumia akili, na mchezaji mkweli akijiuliza atakiri kwamba yeye mwenyewe alishawahi kufikiri hivyo saa moja kabla.

Mchezo huo unaendelea kukusukuma hivyo. Ukiyanajisi yale majivu mbele ya Wynne, atakugeukia kwa silaha, na Leliana naye, isipokuwa kama mlishapitia pamoja mambo yaliyoufanya moyo wake kuwa mgumu. Ukimsamehe Loghain, jemadari aliyekuwa adui yako, na kumwingiza katika jeshi lako, Alistair anaondoka, na hakuna maneno yatakayomrudisha kikosini. Kasoro iliyopo ni zawadi. Kila mwanakikosi ana vitu avipendavyo, na kumpa vitu hivyo kunapandisha kuridhika kwake hata kama jana ulitenda jambo analolichukia. Mfuko wa picha za kuchora unaweza kumfanya Sten akuamini kiasi kwamba lile tukio la Haven halitokei kabisa. Hapo mchezo unajihujumu wenyewe, kwa kuuza kwa bei ya chini kitu ulichokifanya kiwe kigumu kupatikana.

Mass Effect 2 wa mwaka 2010 hauna orodha za amri. Vitani unakwenda na wenzako wawili wanaojipigania, na unasimamisha mchezo kuwaambia watumie uwezo gani. Uongozi wake umo katika uteuzi. Katika misheni ya mwisho unaulizwa nani apenye kwenye njia ya hewa kufungua milango, nani aongoze kundi la pili, na nani ashikilie ngao ya nguvu za akili kuwakinga wengine. Jacob anajitolea kwa njia ya hewa, na kiongozi asiye makini atamkubalia kwa sababu amejitolea, ilhali kazi hiyo inamtaka fundi kama Tali, Legion au Kasumi. Kundi la pili linawafaa Garrus, Miranda au Jacob mwenyewe. Ngao inamfaa Jack au Samara. Ukikosea kuteua, mtu anakufa. Ukiteua vizuri lakini hukuwahi kumsaidia mtu huyo kumaliza jambo lake binafsi lililokuwa likimsumbua, anaweza kufa pia. Na kama wanaosalia hawafiki wawili, Shepard, yaani shujaa wako, naye hatoki hai. Hakuna anayekukatalia hapa kwa sauti. Kinachokukatalia ni matokeo, na yanaumiza kwa sababu ulikuwa na kila taarifa uliyoihitaji.

Baldur's Gate 3 unasimama katikati. Usiku mmoja kambini ugomvi wa wanakikosi Shadowheart na Lae'zel unaweza kumuua mmoja wao usipoingilia, na ukiamua kuwashambulia wakimbizi walio katika makao ya wachawi wa msituni, Wyll na Karlach wanakuacha. Lakini kwa sehemu kubwa ya safari, chuki yao hupita kama maandishi madogo juu ya skrini kwamba fulani hajapendezwa, na wanaendelea kukufuata. Mzee wake wa 1998 ulikuwa mkali zaidi kwa njia sahili: sifa yako njema ikipanda mno wanakikosi waovu wanaondoka, ikishuka mno wema wanaondoka, na Edwin anajiunga nawe kwa sharti la kumuua Dynaheir, jambo ambalo Minsc, mlinzi wa Dynaheir, hawezi kulivumilia. Huwezi kumridhisha kila mtu, na mchezo haujisumbui kukubembeleza.

Fallout: New Vegas wa mwaka 2010 unaonyesha mkono na moyo vikikutana. Boone, mdunguaji aliyepoteza mkewe kwa sababu ya jeshi liitwalo Legion (si yule Legion wa Mass Effect 2), hawavumilii askari wao. Ukipita naye katika eneo lao ukitarajia mazungumzo ya amani, risasi yake itakuwa imeshaondoka. Menyu ya mwenendo unayo, lakini chuki yake inaitangulia.

Uasi unaohesabiwa

Kuna kundi dogo la michezo ambalo utovu wa nidhamu ni hesabu tu. Katika Wasteland 2 wa mwaka 2014, askari wanne uliowaumba wanatii daima, ila wale uliowaajiri njiani wanaweza kukutoka mkononi katikati ya vita na kuitumia zamu wanavyotaka, na ujuzi wa uongozi wa askari wako ndio unaopunguza uwezekano huo. Darkest Dungeon wa mwaka 2016 ni mkatili zaidi: msongo wa mawazo wa shujaa ukifika 100, mara nyingi anapatwa na tabia mbaya kama ubinafsi au kukata tamaa, anaruka zamu, anahama nafasi yake, hata anakataa kuponywa huku akivuja damu, na ukifika 200 moyo wake unashindwa. Mara chache anapata ujasiri badala ya kuvunjika. Hawa hawana hoja kama Sten, na mazungumzo nao hayana kina. Hata hivyo kama unataka kuhisi uzito wa kuwatuma watu mahali wasipopaswa kwenda, hakuna katika orodha hii unaoushinda mchezo huo.

Uchague upi

Asiye na saa nyingi kwa wiki namshauri Final Fantasy XII, katika toleo la 2017, kwa sababu linaruhusu kuongeza kasi ya mchezo, na kikosi kilichoandikiwa vizuri kinazipita njia ndefu bila kukuhitaji kwa kila pigo. Anayependa kufikiri kama mcheza sataranji achukue Baldur's Gate 3 bila kusita, hasa akiwa na marafiki, kwa kuwa watu hadi wanne wanaweza kuucheza pamoja, kila mmoja akimwendesha wake. Anayechukia menyu na anapenda kushangazwa na wafuasi wake aende Dragon's Dogma 2, mradi awe tayari kuyatazama macho yao kabla ya kulala. Anayetaka uhusiano wa watu kuliko mbinu, na hajali sana vita, Persona 3 Reload na Mass Effect 2 vitamtosheleza kwa njia mbili tofauti kabisa: wa kwanza kwa maisha ya kila siku, wa pili kwa uzito wa uteuzi. Darkest Dungeon nauacha kwa wanaojua wanachokiomba.

Kama mtu ananunua mmoja tu na anataka kuonja mkono na moyo kwa pamoja, jibu langu bado ni Dragon Age: Origins, licha ya umri wake na picha zake zilizochakaa. Ukiuchagua, mchukue Sten mapema, zawadi zake ziache mfukoni, na nenda naye Haven.